Chuma Kilichong'aa

Sikuona kwamba kinang'aa. Nilikishika kwa mikono miwili sebuleni kwa dada yangu, kule Magunga, nikakigeuza kuelekea dirishani, nikaona ndani yake umbo la pazia na kipande cha uso wangu mwenyewe, na bado sikuona. Nilisema tu, "Ni kizuri." Shemeji yangu Cephas alitabasamu kama mtu aliyesifiwa, akakifunga tena katika kitambaa cheupe na kukiweka juu ya kabati mpaka siku ya upasuaji.

Ningekuwa muuza samaki au karani wa kaunti, kosa hilo lingekuwa dogo. Lakini kazi yangu ni kuchunguza nyuso za vitu. Nafundisha chuo kikuu, tawi la Homa Bay, na shahada yangu ya uzamivu ilihusu swali moja: seli shina, zile seli changa zilizomo katika uboho wa mfupa ambazo bado hazijawa kitu mahususi, huamuaje zitakuwa nini? Watu hudhani ni dawa au chakula kinachoziamulia, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo seli haina macho. Hupapasa. Iweke juu ya bamba la titani lililokwaruzwa kwa mchanga na kulowekwa katika asidi, lenye vishimo na vilima visivyoonekana bila darubini, nayo itashika hapa na pale. Nyuzi zake za ndani zitakazika, na mkazo huo utafika hadi kwenye kiini na kuihimiza itengeneze mfupa. Iweke juu ya titani ile ile iliyolainishwa kama kioo, nayo itajitandaza, itazaliana, na mara nyingi itakachoacha pale ni utando laini wa kovu. Madini ni yale yale, seli ni ile ile. Kinachotofautiana ni jinsi uso ulivyo. Nimewaeleza wanafunzi wangu jambo hili mara nyingi kiasi kwamba naweza kulisema huku nikiwaza mambo mengine, na pengine ndiyo sababu sikuona.

Dada yangu Filister ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Magunga. Aliteleza kwenye uji uliomwagika mlangoni mwa jiko la shule, akavunjika shingo ya fupa la paja. Cephas alimpeleka kwenye kliniki ya binafsi mjini Migori, kwa daktari wa mifupa aitwaye Machuki, ambaye alishauri nyonga ya bandia isiyofungwa kwa saruji: shina la titani linaingizwa ndani ya fupa la paja, na mfupa wenyewe unakua na kulikamata. Ulikuwa ushauri mzuri. Machuki alikuwa pia na desturi ya kuwakabidhi jamaa chuma hicho siku chache kabla ya upasuaji, waende nacho nyumbani wakione, kwa sababu watu wa huko walikuwa wamechoka kulipia vitu wasivyoviona. Nilipoambiwa habari hiyo niliona ni uungwana.

Upasuaji ulikwisha salama. Filister alirudi nyumbani kwa magongo, kidonda kikafunga, na kila aliyemtembelea alimshukuru Mungu. Kisha maumivu yakaanza katikati ya paja. Hayakuwa ya kulala wala ya kuketi. Yalikuja alipoinuka, katika zile hatua za kwanza kutoka kitini.

"Kinazunguka," aliniambia kwa simu. "Nikisimama nakisikia kinazunguka ndani, kama jembe lililolegea kwenye mpini."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nitembee zaidi. Eti misuli imelala."

"Basi tembea, dada. Jikaze kidogo."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

Akatembea. Kila asubuhi kabla ya kengele alizunguka uwanja wa shule, Cephas akiwa ukingoni na kofia yake mkononi, akimtia moyo kama kocha wa timu ya kijiji. Maumivu yakazidi. Waliporudi Migori, Machuki alibadilisha maneno: sasa Filister alikuwa ametembea mapema mno, tena bila magongo, na ndiyo maana mfupa haujashika. Jioni hiyo Cephas alinipigia akiwa amekasirika. "Dada yako ni mkaidi, Lynnet. Daktari amesema alijiharibu mwenyewe. Zungumza naye wewe, mimi hanisikii."

Jumamosi nilienda Magunga kuzungumza naye. Filister aliinuka kitini ili anionyeshe, na nikaona uso wake alipouweka mguu chini. Nimemjua dada yangu maisha yangu yote, na sijawahi kuona midomo yake ikiwa na rangi ile. Kisha akanipa bahasha ya picha za eksirei. "Wewe ni daktari wa vitabu," alisema. "Nisomee."

Niliiinua picha dirishani. Kulizunguka lile shina jeupe la titani, kuanzia juu hadi karibu na ncha, palikuwa na utepe mweusi. Mfupa ulikuwa umesimama kando ya chuma bila kukigusa, kama watu wawili walionuniana kwenye benchi moja. Nimeuona utepe huo katika makala nyingi sana. Mfupa haukuwa umelegea kwa sababu ya kutembea. Haukuwahi kushika kabisa. Na chuma kilichokuwa kikicheza ndani ya paja la dada yangu kilikuwa kikisaga mfupa kutoka ndani, hatua kwa hatua, katika kila mzunguko wa uwanja tuliomlazimisha kuutembea. Ukiendelea hivyo, fupa la paja lingepasuka, na lililopasuka hivyo si rahisi kupata tena mahali pa kupachika kitu.

Nilijua mara moja kilichotokea, au nilidhani najua. Machuki alikuwa amemuuzia chuma bandia. Hasira iliyonipanda ilikuwa tamu kwa namna fulani, kwa sababu ilikuwa na jina la mtu mmoja tu.

Tulimkuta kliniki Jumatatu, sisi watatu. Machuki alitoka chumba cha upasuaji akiwa bado na viatu vyake vya mpira vya kijani, akatukaribisha ofisini, na akaanza kwa kunigeukia mimi.

"Daktari Lynnet, mimi na wewe ni watu wa taaluma. Tungezungumza kwanza faraghani, tusimsumbue mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye mwenye mguu," Filister alisema.

"Mama, nilikuambia magongo."

"Mwalimu. Mama ni wa wanangu."

"Mwalimu. Nilikuambia magongo, ukaonekana sokoni."

"Nani aliniona?"

Machuki alimtazama Cephas. Cephas akaitazama feni iliyokuwa darini.

"Nilienda kununua dagaa wa omena," Filister alisema, "na magongo nilikuwa nayo. Au ulitaka omena wanifuate nyumbani?"

Nilipachika picha kwenye ubao wa taa. "Utepe huu mweusi ni nini?"

"Ulegevu kidogo."

"Uko wapi mfupa ulioshika? Nionyeshe mahali pamoja tu."

Hakunionyesha. Alisema kuna miili isiyopenda chuma, kwamba hata huko ng'ambo hutokea, kwamba umri nao ni kitu. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, kwa utulivu ambao sikujua ninao, kwamba alikuwa amemwekea dada yangu chuma laini, bandia, kisichokuwa na uso wa kushikiwa na seli, na kwamba akinibishia nitasubiri hapo hapo mpaka anionyeshe kingine kutoka sanduku lile lile kilimotoka hicho.

Nilitarajia akatae. Badala yake alifungua kabati la ukutani na kuweka mezani pakiti ya plastiki iliyofungwa pande zote. Ndani yake palikuwa na shina la nyonga. Shingo yake peke yake ndiyo iliyong'aa, kama inavyopaswa. Sehemu nyingine yote, ile inayoingia mfupani, ilikuwa ya kijivu kilichofifia, kavu, kama jivu la kuni lililoshikamana. Niliutambua uso huo kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Kilikuwa chuma halali, kizuri kabisa.

"Sanduku ni moja," Machuki alisema. "Na mlichochukua kilitoka hapa kikiwa hivi hivi, ndani ya pakiti hivi hivi."

Hapo ndipo nilipokiona kile nilichokishika Magunga. Nikaliona pazia ndani yake. Nikakumbuka pia kwamba kilikuwa ndani ya kitambaa, si ndani ya pakiti.

"Shemeji," nilisema. "Ulikifanya nini?"

Cephas sasa ana duka la mbegu na dawa za mifugo, lakini ujana wake wote alikuwa dalali wa dhahabu kwenye machimbo ya Migori. Kwa watu wa kazi ile hakuna chuma kinachopokelewa kwa neno la mtu. Kinasuguliwa kwenye jiwe, kinadondoshewa asidi, kinapigwa msasa hadi kionyeshe kilichomo; kinachobaki kimefifia baada ya hayo ni takataka, na aliyekileta ni mwizi. Alizungumza polepole, akinitazama mimi, si mke wake.

"Nilikipeleka Suna, kwa fundi Dahir."

"Kufanya nini?"

"Kukipima. Nani hulipia chuma bila kukipima? Nilifungua ile plastiki nikakuta kitu cha kijivu, kimechakaa, kama kimefukuliwa mahali. Nikasema hiki kimetoka kwa mtu mwingine. Nikasema mke wangu hawekewi chuma cha maiti."

"Na Dahir?"

"Alisema si fedha wala bati, ni kitu kigumu kuliko anavyojua. Akauliza kama nataka aking'arishe. Nikamwambia aking'arishe kabisa, kisibaki na doa, ni cha mwalimu. Alishinda nacho kwenye gurudumu asubuhi nzima. Na wewe mwenyewe ulikishika, Lynnet. Ulisema ni kizuri."

Cephas alitoa simu yake, pengine ili mtu mwingine naye awe chumbani, akampigia Dahir na kuiweka simu mezani sote tusikie.

"Dahir, unakumbuka kile chuma cha mwalimu?"

"Nitakisahau vipi? Kilinimalizia msasa wote. Mwalimu alikifurahia?"

"Kiko ndani ya mguu wake."

Mashine fulani ilikuwa ikinguruma nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Ndani ya mguu kivipi, Cephas? Ulisema ni cha mwalimu. Mimi nilijua ni tuzo. Nilikuwa nataka kukuuliza kama tuandike jina."

Cephas alikata simu. Filister alitoa sauti fupi kupitia puani, na kwa muda sikujua kama ni kicheko.

Hasira yangu ilikuwa imepoteza mahali pa kukaa. Nilimtazama Cephas na kumwona kikongwe ghafla. Alikuwa amemfanyia mkewe jambo bora alilolijua. Sikuweza kumchukia Dahir, ambaye alitengeneza tuzo. Ningejichukia mwenyewe, na nilikuwa nimeanza, lakini kulikuwa na swali moja lililobaki mezani ambalo halikuwa langu.

"Daktari Machuki," nilisema. "Siku ya upasuaji ulikipokea kikiwaje?"

Alirekebisha kalamu mfukoni mwake. "Kimefunguliwa."

"Kinang'aa?"

"Kinang'aa."

"Kotekote?"

"Tulikipitisha kwenye mvuke. Hakikuwa na mdudu hata mmoja, hilo naweza kuapa."

"Sijauliza wadudu. Wewe ulisomea kazi hii. Unajua kwa nini sehemu ile ni ya kijivu."

"Ganzi ilikuwa imeshaingia," alisema. "Mgonjwa amelala, wauguzi wamesimama, mume yuko nje anaomba. Ningefanya nini, nimwamshe? Nilifikiri huenda mfupa utashika. Wakati mwingine hushika."

"Na ulipouona utepe huu?"

Aliigusa tena ile kalamu.

"Ulipouona utepe huu," nilirudia, "ulijua. Picha ya kwanza kabisa ulijua. Ulikuwa na chuma kizima ndani ya kabati hili, hatua chache kutoka kwenye kiti unachokalia. Na ukamwambia alitembea."

"Lynnet, nyamaza sasa," Filister alisema.

Hakuinua sauti. Alizungumza kwa ile sauti ya mwalimu mkuu mlangoni, ambayo wanafunzi wa Magunga huiogopa kuliko kiboko.

"Kwanza mlinitembeza. Kisha mkanilaumu kwa kutembea. Nimeamka kila siku nikiwa na jembe linalozunguka ndani ya mguu wangu, nikasema linazunguka, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyeniuliza linazungukaje. Cephas, ulienda kumshtaki mke wako kwa sababu ya omena. Lynnet, wewe uliniambia nijikaze; nimesomesha watu wengi, wewe ukiwa wa kwanza, na sikukufundisha kumjibu mgonjwa hivyo. Nilifika mahali nikawa naomba msamaha kwa Mungu kwa ukaidi nisioukumbuka." Alimgeukia Machuki. "Sasa wewe. Mwambie mume wangu ulichofanya."

"Mwalimu, tusitafute lawama. Nitakurekebisha mwenyewe, tena haraka. Chuma hiki hapa." Aliisukuma ile pakiti mbele.

Na hapo Cephas, kwa mkono ambao nadhani haukumwomba ruhusa, aliichukua. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akakunja uso kwa ule ukijivu, na ukucha wake ukaanza kutafuta ukingo wa plastiki.

"Nione tu kama ni cha kweli," alisema.

Chumba kizima kilimtazama. Alipotambua, ukucha ulisimama ulipokuwa, lakini hakuiachilia pakiti. Filister alinyoosha mkono na kuichukua vidoleni mwake kama anavyomnyang'anya mtoto wembe.

"Mwambie," alimwambia Machuki kwa mara nyingine.

Machuki alimwelekezea Filister uso wake. "Niliweka kitu ambacho sikupaswa—"

"Si mimi. Mimi nimejua tangu mwanzo kwamba kinazunguka. Mwambie yeye. Yeye ndiye aliyekuamini."

Akamgeukia Cephas, na akasema, kwa sentensi mbili kavu: kwamba alikiweka chuma akijua hakifai, na kwamba mke wake hakukosea jambo lolote. Hakuomba radhi. Cephas aliitikia kwa kichwa, kisha akaketi na kuufunika uso wake kwa ile kofia.

Filister hakukubali kulala tena kwenye kitanda cha Machuki. Tulimpeleka Homa Bay, kwa daktari mwingine, Okari, ambaye nilimweleza kila kitu mbele ya dada yangu na si faraghani. Okari alituambia ukweli bila kuupamba: mfupa uliosagwa haurudi, shina jipya litahitaji kuwa refu zaidi ili lifike chini kwenye mfupa mzima, na mguu huenda ukapungua. Pakiti ya shina hilo ilifunguliwa ndani ya chumba cha upasuaji. Cephas alikaa nje, na hakuomba kuiona.

Baada ya upasuaji Okari aliniletea kile cha zamani ndani ya bakuli. Alisema hakuhitaji nyundo. Alikivuta kwa mkono na kikatoka. Kilikuwa kimefunikwa na utando mweupe, laini, unaoteleza, na chini ya utando huo bado kiling'aa. Nilipitisha kidole juu yake. Miaka yote nimeuonyesha utando ule ukutani, umekuzwa na darubini na kutiwa rangi ya zambarau, nami nikiuita matokeo. Nilitoka nje kwenye maegesho ya hospitali nikaupiga teke mlango wa gari langu mwenyewe mpaka ukabonyea.

Nimemshtaki Machuki kwa wanaosimamia madaktari. Amenitumia watu, akiwemo mchungaji, wakisema mimi ni msomi na nifikirie jina la mwenzangu. Nimefikiria, na sitaondoa shauri. Cephas ametaka tumwache Mungu ahukumu. Filister amemwambia Mungu naye anaweza kuja kwenye kikao kama shahidi.

Mfupa umeshika. Katika picha ya mwisho hakuna utepe mweusi. Mguu wa kulia wa dada yangu ni mfupi kuliko wa kushoto, anatumia mkongojo mmoja, na darasani anafundisha akiwa ameketi. Siku hizi akisema panauma, hakuna anayemwuliza alifanya nini. Tunamwuliza ni wapi.